Laubwerk: hii "kazi" imefikaje kwenye majani ya mti? Wajuzi wa Kijerumani pitieni hapa

Mtoro_wa_Saxony aliandika:

Wakuu habari za muda huu. Niko Leipzig, Ujerumani, kwenye Ausbildung (mafunzo ya ufundi) na sasa hivi nakimbizana na mtihani wa lugha. Kwenye kusoma nikakuta sentensi moja inasema mwanga wa jua unapenya kwenye Laubwerk ya mwaloni. Nikajiona mjanja, Laub si nalijua, ni hii takataka tunayofagia mbele ya nyumba kuanzia mwezi wa kumi mpaka mgongo unauma, na Werk nalijua, ni kazi au kiwanda, sasa Laubwerk ndo kiwanda cha majani au? Nikamuuliza mwalimu akasema ni neno la kifasihi, likariri tu. Mimi kukariri kitu kisichoniingia akilini siwezi kabisa, kesho asubuhi kimeshatoka.

Swali la pili, kama jani wanaliita Blatt, Laub ya nini tena? Maana nimekuta pia Blattwerk, nimekuta na Blätterdach, zote zinazungumzia majani ya juu ya mti. Wajuzi shukeni, msije na majibu ya google translate tafadhali.

Kibosho_Original aliandika:

Hawa watu wakiona maneno mawili yamekaa karibu wanayapiga gundi, hakuna siri hapo. Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

Kuli_wa_Maktaba aliandika:

Mkuu tuanze na Werk maana ndo iliyokukwamisha. Ni kazi kweli, na ni neno moja kabisa na work ya Waingereza, kwenye Kijerumani cha zamani sana liliandikwa werc au werah, na kwa Wagiriki ndugu yake ni ergon, ile iliyojificha ndani ya energy. Ila Mjerumani akilibandika nyuma ya neno lingine mara nyingi linaishiwa jasho lote. Angalia Schuhwerk, sio kazi ya viatu, ni viatu tu kwa ujumla wake. Mauerwerk ni ukuta kama mkusanyiko wa matofali na udongo wake. Backwerk ni vitumbua, keki, biskuti na jamaa zake wote. Wurzelwerk ni ile mizizi iliyosokotana huko chini, Astwerk ni matawi, Buschwerk ni kichaka kizima. Yani -werk hapo inakwambia usihesabu kimoja kimoja, chukua lote kama kitu kimoja kilichoshikana. Kwaiyo Laubwerk ni majani yote ya mti kama umbo moja, lile wingu la kijani unaloliona ukisimama mbali, na ndo maana mwandishi wako akasema mwanga unapenya ndani yake.

Zipo zilizobaki na jasho lake, Bergwerk ni mgodi, Kraftwerk ni kituo cha umeme, Handwerk ni ufundi wa mikono, hizo kazi ipo mle ndani unaiona. Kwaiyo usitafute sheria moja, angalia neno la mbele ni kitu cha aina gani. Likiwa kitu ambacho kiasili kipo kwa wingi wake, majani, mizizi, matofali, basi -werk ni ya kukusanya.

Na wana njia nyingine ya kukusanya, ya zamani zaidi, ile Ge- ya mbele. Ast ni tawi, Geäst ni matawi yote. Busch kichaka, Gebüsch vichaka. Berg mlima, Gebirge safu ya milima. Ukizijua hizo mbili umeshapunguza maneno ya kukariri kwa mbali sana.

Fundi_Gwiji aliandika:

Naomba niingie kama mtu wa mbao. Niliwahi kufanya kazi na mzee mmoja Mjerumani aliyekuwa anafundisha vijana useremala, bledi ya msumeno alikuwa anaiita Sägeblatt. Leo nasoma hapa Blatt ni jani. Sasa msumeno una jani? Au mzee alikuwa anatuchanganya?

Kuli_wa_Maktaba aliandika:

Hahaha fundi umeleta kitu kizuri kuliko unavyojua, na kinajibu swali la pili la mleta uzi. Hiyo bledi yako na Blatt ni neno moja! Blade ya Kiingereza na Blatt ya Kijerumani mama yao mmoja. Pale Mwingereza anapomaliza na d Mjerumani anamaliza na t, na sio bahati, ni utaratibu unaorudi kila mahali: bread na Brot, word na Wort, blood na Blut, good na gut. Weka blade na Blatt kwenye hiyo foleni wanakaa bila kusukumana.

Na Laub je? Laub ni leaf. Najua masikio yanakataa ila fuata herufi. Mwisho wa neno Mjerumani ana b Mwingereza ana f: halb na half, Kalb na calf, Dieb na thief. Katikati Mjerumani ana au Mwingereza ana ea: Traum na dream, Saum na seam, na hii hapa inayofanya yote mawili kwa pamoja, taub na deaf, yani kiziwi. Ukiweza taub na deaf basi Laub na leaf huwezi kuikataa. Hata Baum, mti, ukiipitisha mashine hiyo hiyo inatoka beam, boriti. Mwingereza mti wake akauita tree, ile Baum ya ukoo ikabaki kuwa boriti ya darini.

Sasa utamu upo hapa. Zamani ukoo mzima wa lugha hizi, Kijerumani, Kiingereza na ndugu zao, ulikuwa na maneno haya mawili bega kwa bega. Loub, lile lililokuja kuwa Laub, na blat. Watoto walipotawanyika wakagawana kazi tofauti. Mwingereza akampa leaf kazi ya jani moja moja, blade akaisukuma kwenye jani la nyasi na vitu bapa vyenye makali, kisu, msumeno, panga. Mjerumani akafanya kinyume, jani moja akampa Blatt, na Laub akalipandisha cheo likawa la jumla, majani ya mti kwa wingi wake. Ndo maana Laub halina wingi kwenye mazungumzo ya kawaida, huwezi kusema Laub mbili, kama usivyoweza kusema mchanga mbili. Ukitaka kuhesabu unaenda kwa Blatt: ein Blatt, zwei Blätter.

Na Blatt kule kwao wazo lake kubwa ni kitu chembamba bapa. Kwaiyo karatasi ni Blatt, gazeti ni Blatt, bapa la bega ni Schulterblatt (Mwingereza hapo hapo anasema shoulder blade, hawakuachana huko), pangaboi la helikopta ni Rotorblatt, na bledi ya msumeno wa fundi ni Sägeblatt. Mzee hakuwa anawachanganya.

Ushahidi wa zamani upo, tena mzuri. Askofu Wulfila alitafsiri Biblia kwa Kigothi karne ya 4, Kigothi ni binamu wa Kijerumani aliyeshafariki. Marko 11:13, pale Yesu anapouona kwa mbali ule mtini wenye majani, Wulfila kaandika lauf. Luther karne ya 16 mahali hapo hapo anaandika Blätter. Mti ule ule, aya ile ile, neno limeshabadilishana zamu.

Bwana_Hoja aliandika:

Mmeandika mengi ila mmeruka kubwa kuliko zote. Urlaub! Likizo kwa Kijerumani ni Urlaub, na ndani yake kuna laub. Mwingereza likizo anaita leave, na majani anaita leaves. Lugha mbili zimekubaliana. Maana yake zamani watu walipumzika majani yakianguka mavuno yakiisha, mfalme anawaachia waende. Kesi imefungwa, leteni soda.

Dada_wa_Altona aliandika:

Kaka Hoja soda irudishe dukani 😂 ila nakupa heko kwa kuona mfanano maana wengi hawaoni. Urlaub haina jani hata moja. Zamani iliandikwa urloub na maana yake ilikuwa ruhusa, hasa ile ruhusa ya kuondoka ambayo mtu mdogo anaiomba kwa bwana wake, askari kwa mkubwa wake. Ndugu yake wa karibu kwenye Kijerumani cha leo ni erlauben, kuruhusu, ukoo wao ni mmoja na lieb, yani mpendwa, na glauben, kuamini. Kwaiyo ni ukoo wa upendo na imani na ridhaa, hauhusiani na miti.

Na leave ya Kiingereza ya likizo ni ukoo huo huo wa ruhusa, ndo maana mpaka leo wanasema by your leave. Kwenye Kiingereza cha kale jani na ruhusa yote mawili yaliandikwa leaf, na sauti ya aina moja, kwaiyo yamefanana pande zote mbili kwa sababu yalifanana tangu kwa babu yao, sio kwa sababu ni kitu kimoja. Mtumishi wa serikali akisema "niko livu" anasema niko kwenye ruhusa, basi.

Bwana_Hoja aliandika:

Dada mfalme wangu umemuua bila huruma. Soda naagiza ila nakunywa mwenyewe.

Kibosho_Original aliandika:

Swali la mtu wa kijijini. Hii Laub ilipandishwa cheo kuwa ya jumla kwa sababu gani? Kuna kitu wao walikuwa wanafanya na majani kwa wingi? Maana kwetu majani ukiyataja bila kuongeza kitu, mama anajua ni majani ya ng'ombe, hakuna anayefikiria jani moja.

Kuli_wa_Maktaba aliandika:

Mkuu umegonga penyewe. Ulaya ya kati kabla hawajawa na malisho ya kukata na kukausha kwa mashine, walikuwa wanakwea miti kukata matawi mabichi yenye majani, hasa mti unaoitwa Esche na ule wa Ulme, wanayafunga vifurushi wanakausha, ng'ombe na mbuzi wanakula kipindi cha baridi nje kukiwa theluji tupu. Hicho chakula kinaitwa Laubheu, Heu ni majani makavu ya mifugo, na kazi yenyewe inaitwa Schneiteln. Ni kazi ya tangu Zama Mpya za Mawe, na miti iliyokatwa hivyo mpaka leo unaitambua, shina nene juu lina vichwa vichwa kama ngumi.

Kuna wataalamu wa asili za maneno wanaoihusisha Laub na mzizi wa kale wenye maana ya kubandua, kuchuna, wakiiweka karibu na neno la Kilithuania luobas ambalo ni gamba la mti. Kwa maoni yangu hilo linakaa vizuri na maisha ya watu wale, Laub ni kitu unachokichuma mtini kwa mkono na kukibeba. Blatt wao wanamhusisha na blühen, kuchanua, yani ukoo wa maua. Mmoja anachumwa mwingine anachanua. Napenda sana hiyo japo sitagombana na atakayenipinga.

Mama_Nadia_Kibokoni aliandika:

Wanangu nimewasoma tangu mwanzo sikutia neno, leo natia. Mimi nimekaa Berlin kwa binti yangu, kulikuwa na vile vibustani vya kukodi vya nje ya mji na kila bustani ina kibanda, binti yangu akiita Laube. Hiyo nayo ni katika hayo hayo ya majani ama ni jengine?

Dada_wa_Altona aliandika:

Shikamoo mama. Ndiyo ni humo humo, kwa maelezo yanayokubalika na wengi. Laube zamani ilikuwa louba, kibanda au kipaa cha kujikinga, na wanaona asili yake ni kivuli cha matawi na majani yaliyoezekwa. Hivyo vibanda vya bustani mpaka leo vina sheria yake, havitakiwi kuzidi mita za mraba 24 pamoja na kibaraza chake chenye paa, na huruhusiwi kuhamia humo. Wenye navyo Berlin wanataniwa Laubenpieper.

Ila mama neno hilo limesafiri kuliko sisi wote. Wafaransa walilichukua kwa Wafranki likawa loge, Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa likawa lodge. Waitaliano wana loggia. Kupitia Kilatini cha zama za kati likazaa lobby. Kwaiyo loji ya wageni stendi na loji ya mbugani zote ni wajukuu wa kibanda cha matawi, na ukikaa lobi ya hoteli kusubiri chumba bado uko ukoo huo huo.

Kibosho_Original aliandika:

Yani loji zote nilizolala kumbe nilikuwa chini ya mti. Bei zake hazikuonyesha hivyo.

Mama_Nadia_Kibokoni aliandika:

Marahaba mwanangu. Basi na hiyo Blätterdach nayo si ni dari ya majani? Makuti hasa.

Dada_wa_Altona aliandika:

Karibu kabisa mama. Dach ni paa, na ndugu yake Mwingereza ni thatch, ambayo ndiyo kuezeka kwa nyasi au makuti. Kwaiyo Blätterdach ni paa la majani, lile la juu msituni ukitembea chini kuna giza. Hapo wametumia Blätter ya wingi. Blattwerk imechukua Blatt ya umoja, lakini maana ni ile ile ya majani mengi, msihangaike nayo sana, Laubwerk na Blattwerk kwenye mti ni pacha.

Mtoro_wa_Saxony aliandika:

Daah uzi umenoga kuliko darasa. Kuna kitu kimoja kinanitatiza, kwenye kamusi Laubwerk wameiwekea maana mbili, majani ya mti, na ya pili wanasema mambo ya sanaa na majengo. Ipi ilianza? Majani ya kweli au ya kuchonga?

Kuli_wa_Maktaba aliandika:

Ya pili ni nakshi. Majani yanayochongwa kwenye mawe, mbao, au kuchorwa kwenye vyombo. Na mimi msimamo wangu ni kwamba hamna haja ya kuzipanga foleni, kwa sababu -werk ilikuwa tayari inafanya kazi zote mbili: kukusanya vitu, na kutaja kitu kilichotengenezwa na fundi. Laub ikikutana nayo inaweza kuangukia upande wowote. Mtu wa msituni anasikia mkusanyiko, mchonga mawe anasikia kazi ya mkono wake.

Wewe uko Leipzig, panda treni nenda Naumburg, sio mbali. Kanisa kuu la pale liliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018. Watalii wanakimbilia sanamu za waanzilishi, hasa ya mama mmoja anaitwa Uta, wanapiga picha wanaondoka. Wewe inua macho kwenye vichwa vya nguzo. Mchongaji wa karne ya 13, jina lake halijulikani wanamwita tu Naumburger Meister, kachonga majani ambayo unaweza kuyataja kwa jina, mzabibu huu hapa, hazel huyu hapa na kokwa zake. Mishipa ya jani unaiona, pembe ya jani imejikunja kama inataka kukauka, na nyuma yake kakwangua jiwe mpaka kuna uwazi, kivuli kinaingia. Kabla yake wengi walichonga jani la mfano tu, lile la kunakili kitabuni. Huyu alitoka nje akaangalia.

Karne ya 18 mwanzoni wakaja na mtindo mwingine, Laub- und Bandelwerk, majani yamesukwa pamoja na tepe tepe nyembamba zinazozunguka, wazo walilichukua kwa Wafaransa, ikapendwa sana Ujerumani na Austria. Utalikuta kwenye dari za majumba na kwenye vyombo vya kaure vya Vienna vya enzi hizo. Ile alama ya dashi baada ya Laub inamaanisha Werk ni ya wote wawili, Laubwerk na Bandelwerk, usije ukaisahau kwenye mtihani wa kuandika.

Na fundi Gwiji hii yako: kuna msumeno unaitwa Laubsäge.

Fundi_Gwiji aliandika:

Usiniambie wa kukatia miti.

Kuli_wa_Maktaba aliandika:

Mti hauukati mwaka mzima. Ni ule wa fremu kama herufi U, bledi nyembamba kama uzi inafungwa kwa skrubu juu na chini, unatoboa tundu katikati ya ubao, unapitisha bledi, unafunga, halafu unakata kona kali bila kuvunja ukingo. Jina limetokana na nakshi za majani zilizokuwa zinakatwa nao.

Fundi_Gwiji aliandika:

Aaah huo nimeushika sana, bledi zake zinakatika ukizubaa kidogo tu. Siri ni kugeuza ubao, mkono wa msumeno unabaki pale pale unapanda na kushuka. Vijana wanageuza msumeno wanamaliza pakiti nzima.

Bwana_Hoja aliandika:

Haya wazee haya yote mmeyatoa wapi? Mleta uzi alisema hataki google.

Kuli_wa_Maktaba aliandika:

Kamusi ya ndugu Grimm mkuu, wale wale wa hadithi za watoto. Walianza 1838, juzuu la kwanza likatoka 1854, kazi nzima imekuja kuisha 1961. Jacob alifariki 1863 akiwa amefikia neno Frucht, tunda, kwaiyo kwenye Laub hakufika, herufi L aliifanya Moriz Heyne. Ipo bure mtandaoni, Kijerumani chake kizito na nomino za kawaida wameziandika kwa herufi ndogo, ila ukizoea hutoki. Na kamusi ya Friedrich Kluge ya asili za maneno, hiyo ndo ya kununua, tafuta toleo jipya, ya kwanza ni ya miaka ya 1880.

Mtoro_wa_Saxony aliandika:

Nawashukuru sana wakuu. La mwisho kabisa na nisamehewe, ni der, die au das Laubwerk? Maana mtihani hautaniuliza Wulfila.

Dada_wa_Altona aliandika:

Das. Neno la mwisho ndo lenye mamlaka, la mbele halina usemi. Das Werk, kwaiyo das Laubwerk, das Blattwerk. Das Dach, das Blätterdach. Der Baum, der Laubbaum. Der Frosch, der Laubfrosch, yule chura wa kijani. Die Säge, die Laubsäge. Hata lile ua la Usambara ambalo Mjerumani alilipeleka kwao miaka ya 1890 likajaa madirishani kwa mabibi wa huku, das Usambaraveilchen, ni das kwa sababu ya ile -chen ya mwisho, Usambara yenyewe haikuulizwa. Ila angalia Laube, hiyo sio Laub yenye e ya wingi, ni neno linalojitegemea na ni die. Wengi wanapotezea alama hapo.